Tumehesabu watumwa wa Djugu. Hesabu yenyewe iko wapi?

Wandugu wa Djugu na wa Bunia, wazee wetu, wamama, na ninyi wote mnaotusoma kwa mega za kuazima,

Wiki hii kuna habari inazunguka katika vikundi vya vijana: anketi nyingine inakuja. Wanatafuta vijana wenye lisansi, wanaosikia Kiswahili na Kilendu, wanaovumilia jua na pikipiki, kwa kazi ya siku kumi na mbili. Mada ni ileile: utumwa wa kisasa kwenye machimbo ya dhahabu. Wengi wetu wameshatuma CV. Hatuwalaumu. Mtu mwenye diplome iliyolala ndani ya sashe tangu miaka miwili hawezi kuulizwa kwa nini aliamka saa kumi ya usiku ili awe wa kwanza kwenye siber. Lakini ile anketi iliyopita tuliifanya siye wenyewe, na sehemu yake tuliifanya vibaya. Njo maana tunataka kusema kabla mafunzo hayajaanza, si baada.

Tuanze na neno lenyewe.

Kwenye tablete kulikuwa swali lililouliza kama mtu amewahi kufanya kazi katika hali ya utumwa. Tuliuliza swali hilo kwa vijana wenye matope mpaka kwenye masikio, kwa wamama wanaotwanga mawe kutoka asubuhi, kwa watoto waliopaswa kuwa darasa la tano. Karibu wote walijibu hapana. Kijana mmoja alikasirika kabisa: "Mimi siko mutumwa, bana. Niko natafuta tu." Mzee mwingine, mkristo wa kweli, alicheka na kujibu ndiyo, yeye ni mtumwa wa Bwana tangu abatizwe. Na hakukosea, kwa sababu kanisani kwetu neno hilo ni la heshima, Paulo mwenyewe anajiita hivyo. Mtumwa ni yule anayetumwa. Kijana wa shimo anatumwa na PDG wake kuleta mafuta, anatumwa kubeba mchanga, anatumwa usiku. Ukimwambia yeye ni mtumwa unamtukana. Ukimuuliza kama anatumwa, atakuambia kila mtu anatumwa.

Basi tablete ikaandika: hapana, hapana, hapana.

Lakini ukizima tablete na kukaa naye chini, anaanza kuhadisia. PDG alimpa mchele, maharagwe, mafuta, buti, dawa ya malaria. Yote imeandikwa kwenye kaye ya PDG, si kwenye kaye yake yeye. Shimo likitoa, deni linatoka kwanza. Shimo lisipotoa, deni linakua. Tulijifunza kuuliza swali lingine, ambalo halikuwa kwenye tablete: "Kesho asubuhi ukitaka kuondoka, ni nini itafanyika?" Hapo njo majibu yalianza kutengana. Mmoja alisema: hakuna kitu, nitaondoka, nitapoteza tu sehemu yangu ya mchanga. Mwingine alisema: deni iko, lakini nitamtuma ndugu yangu alipe. Na wa tatu aliangalia nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna siku mbili za wiki ambazo shimo si la PDG, ni la watu wenye silaha, na siku hizo hakuna mtu anayeuliza habari ya kuondoka.

Hawa watatu si hali moja. Wa kwanza anafanya kazi mbaya. Wa pili ananyonywa. Wa tatu yuko ndani ya kile ambacho Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaita kazi ya kulazimishwa: kazi anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, na ambayo hakujitolea kwa mapenzi yake. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 16, inakataza utumwa na inakataza kazi ya kulazimishwa. Tofauti ya hawa watatu njo kazi nzima ya mtafiti. Kestioneri isiyoweza kuwatenganisha haihesabu utumwa, inahesabu umasikini, na umasikini wa Djugu hauhitaji tablete ili uonekane.

Tuseme na habari ya Kiswahili chao. Kestioneri iliandikwa kwa Kifaransa, kisha ikageuzwa katika Kiswahili cha mbali sana na hapa. "Je, mwajiri wako amewahi kuzuia mshahara wako?" Watu walituuliza: muajiri njo nani? Na mshahara gani? Kwenye shimo hakuna mshahara, kuna kugawana mchanga. Tukageuza papo hapo, kila mmoja kwa namna yake. Mwenzetu mmoja akasema "PDG," mwingine akasema "boss," mwingine "ule mwenye shimo," mwingine akageuza katika Kilendu na hatujui aliuliza nini. Ile ni swali moja kwenye karatasi, lakini uwanjani yalikuwa maswali manne. Kule mbali mtu alikaa mbele ya kompyuta akahesabu asilimia ya majibu yale kama vile watu wote wameulizwa kitu kimoja. Tena Kilendu hapa kwetu si cha Walendu peke yao: Wahema wa Djugu nao wanakisema kama lugha ya nyumbani. Kestioneri moja nzuri ya Kilendu ingefika pande zote mbili. Hakuna aliyeuliza.

Kisha kuna habari ya barabara, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa sababu njo kiini cha yote.

Ili uhesabu kwa haki, kila mtu katika eneo lazima awe na bahati inayojulikana ya kuchaguliwa. Kwa hiyo unahitaji orodha: ya watu, ya nyumba, au angalau ya vijiji na ukubwa wake. Sasa, hesabu ya mwisho ya raia katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Wengi wanaoandika taarifa hii walikuwa bado hawajazaliwa, hata baadhi ya wazazi wetu walikuwa watoto. Tangu hapo vita ya 1999 mpaka 2003 ilipita juu ya Djugu, ile ya mwisho wa 2017 ikaanza na bado haijaisha, vijiji vingine vimekuwa majani, na kambi zimekuwa miji. Nani anajua leo Fataki ina watu wangapi? Ukichukua namba ya zamani na kuizidisha kila mwaka, unapata kijiji kikubwa mahali ambapo kuna mbuzi wawili na ukuta ulioungua.

Basi walituambia: fanyeni barabarani. Sababu ya usalama. Tunaelewa, hatutaki kufa kwa ajili ya tablete. Tulifuata barabara ya taifa namba 27 kutoka Bunia, Iga-Barrière na kuendelea, tukaingia kambi zile zinazofikika, na machimbo yale ambayo pikipiki inafika mchana na kurudi mchana. Lakini fikirieni: mtu anayezuiliwa kazini kwa nguvu, mnafikiri wamemuweka kando ya barabara ya taifa? Yuko nyuma ya kilima cha tatu. Tuliwahesabu wale walioweza kutoroka, au wale ambao hawakukamatwa kamwe, na tukawaita sampuli ya Djugu.

Na nyumbani pia hayupo. Anketi ya nyumba kwa nyumba inachagua mtu mmoja kati ya waliolala pale. Aliyeshikwa kwenye shimo hakulala pale. Binti aliyepelekwa kuwa "bibi" wa mpiganaji hakulala pale. Wale wanaofanya makadirio ya dunia nzima wanajua shida hii, njo maana wanauliza pia juu ya ndugu wa karibu: kuna mtu wa familia yako aliyewahi kulazimishwa? Ni njia nzuri. Lakini kwenye kambi, mama ambaye familia yake ilitawanyika usiku mmoja atakujibu nini? Tuliwahi kumuuliza mama mmoja ana watoto wangapi wanaoishi naye, akatuuliza: mnauliza wa leo ama wa mbele ya ile usiku? Tablete ilitaka namba moja.

Sasa tufike kwenye ungamo letu.

Watatu kati yetu walijaza fomu chini ya mwembe. Tunajua ni akina nani, wamesema wenyewe. Siku ya tisa njia ya kwenda kwenye chimbo fulani ilifungwa, kulisikika risasi upande ule, na msimamizi alipiga simu akisema fomu za siku zinapaswa kutumwa kabla ya saa kumi na mbili, vinginevyo hakuna malipo ya siku. Wakakaa chini ya mwembe, wakajaza fomu kumi na nne kwa kichwa. Mzee wa miaka 42, ana watoto sita, hapana, hapana, ndiyo kidogo ili isionekane ya uongo. Fomu hizo kumi na nne ziko leo ndani ya faili mahali fulani, zimechanganyika na zile za kweli, na labda kuna grafiki yenye rangi nzuri iliyosimama juu yake.

Hatuandiki hili ili tusamehewe. Tunaliandika kwa sababu tunajua kwamba anketi ijayo imepangwa vilevile: malipo kwa fomu, si kwa siku. Ukimlipa mtu kwa fomu utapata fomu. Njaa ya kijana mwenye lisansi ni sehemu ya methodolojia, hata kama haiandikwi kwenye ripoti. Na malipo yenyewe yalichelewa miezi miwili, hilo tunalipita haraka.

Hapa kuna wenzetu wanaopenda kusema: "Siye pia tuko watumwa, watumwa wa mashirika." Tuwaombe waache hiyo lugha. Siye tuliweza kurudi Bunia jioni. Tuliweza kukataa, tukabaki na njaa, lakini hakuna aliyetushikia bunduki. Aliyechelewesha malipo yetu ametukosea, tutamdai. Lakini tukiita kila kitu utumwa, yule kijana wa siku mbili za wiki atakosa neno la kumtetea.

Sasa namba za wakubwa. Mwezi wa 9 mwaka 2022, Shirika la Kazi Duniani, Walk Free na Shirika la Uhamiaji la Kimataifa walitangaza kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 50 walikuwa katika utumwa wa kisasa duniani: milioni 27,6 katika kazi ya kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa ya kulazimishwa. Hayo ni makadirio ya dunia, yanasaidia kuona ukubwa. Lakini Walk Free wanatoa pia namba kwa kila nchi. Katika toleo la 2018, Kongo yetu ilipewa watu 1.045.000. Katika toleo la 2023, watu 407.000. Someni tena. Kati ya ripoti mbili, watu zaidi ya 600.000 wameondoka utumwani hapa kwetu, na hakuna hata mmoja aliyepita Bunia kutusalimia! Miaka ileile njo miaka Djugu iliwaka. Njo miaka ya état de siège, iliyoanza tarehe 6/5/2021. Njo miaka ya Plaine Savo, ambako usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2022 waliuawa watu karibu 60 ndani ya kambi.

Watengenezaji wenyewe wanasema wazi kwamba namba za matoleo tofauti hazipaswi kulinganishwa, kwa sababu namna ya kuhesabu ilibadilika. Ni waaminifu kwa hilo na tunawaheshimu. Lakini onyo hilo liko ndani, kwenye kurasa za njia ya kazi, na namba iko nje, kwa herufi kubwa. Mtu wa serikali anachukua namba iliyoshuka, anasema tumepiga hatua. Mtu wa shirika anachukua ile ya zamani iliyo juu, anaomba pesa. Na namba ya Djugu haimo katika yoyote ya hizo mbili, kwa sababu zinahesabu nchi nzima, kutoka Moanda mpaka Aru, kama sufuria moja.

Je, kuna njia nyingine? Iko, na wavuvi wa Tchomia wangeielewa kabla ya maprofesa. Unataka kujua samaki wangapi wako kwenye kidimbwi bila kukikausha. Unavua mia, unawatia alama, unawarudisha. Siku nyingine unavua mia tena. Ukikuta kumi wenye alama, basi mia yako ya kwanza ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya wote: kidimbwi kina samaki karibu elfu moja. Ukikuta wawili tu, kina karibu elfu tano. Kwa watu huwezi kuvua, lakini unaweza kulinganisha orodha: waliopokelewa na hospitali, waliosaidiwa na parokia, waliosikilizwa na polisi. Ukiona majina mangapi yanarudi kwenye orodha mbili au tatu, unakadiria wale ambao hawako kwenye orodha yoyote. Uingereza walifanya hivyo mwaka 2014: mtaalamu wa takwimu Bernard Silverman alilinganisha orodha za taasisi zao, akakadiria kwamba mwaka 2013 kulikuwa na wahanga kati ya 10.000 na 13.000, wengi kabisa kuliko waliojulikana.

Tulipojifunza hilo tulifurahi sana, tukasema tumepata. Kisha mmoja wetu, binti wa Nizi, akauliza swali lililotunyamazisha: orodha hiyo hapa Djugu itabebwa na nani, na itapita barieri gani?

Kwetu jina la mtu linasema kabila lake. Jina na kijiji vinasema kila kitu. Uingereza orodha ikipotea, kuna skandali kwenye magazeti. Hapa orodha ya majina ya watu "waliosema habari ya wenye silaha" ikipotea, ni orodha ya kuua. Katika anketi iliyopita mwenzetu alisimamishwa kwenye barieri, simu yake ikapekuliwa picha kwa picha, tablete ikafunguliwa. Aliokolewa na betri iliyokufa. Na ndani ya tablete ile kulikuwa na nini? Kabila la kila mtu aliyejibu, na nukta ya mahali alipoketi alipojibu, sawa kabisa, hatua kwa hatua. Nani alihitaji nukta ile? Kwa kuhesabu, jina la gurupuma lingetosha. Aliyeiweka hakuwa mtu mbaya, aliweka kwa sababu programu inaruhusu kuweka.

Kwa hiyo siye hatusemi "leteni njia ya Uingereza." Tunasema njia hiyo inawezekana siku moja ikiwa majina yatageuzwa kuwa alama za siri palepale hospitalini au parokiani, kabla hayajatoka mlangoni, na ikiwa kila taasisi itabaki na karatasi zake. Kabla ya hapo, hapana.

Kuna wanaotuambia: kwa nini mnasumbuka na hesabu? Anayeteseka anateseka, awe mmoja au elfu. Tuwajibu kwa mfano wa nyumbani, si wa vitabu.

Tarehe 8/7/2019, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimtia hatiani Bosco Ntaganda kwa makosa 18, na kati yake kulikuwa utumwa wa ngono. Mashambulizi aliyohukumiwa yalitokea hapa, katika kolektiviti ya Banyali-Kilo na ya Walendu-Djatsi: Mongbwalu, Sayo, Kobu, Lipri, Bambu. (Hatusemi hili ili kunyooshea kabila lolote kidole. Wenye silaha wa kila upande wamefanya yao, na wengine wanaendelea.) Tarehe 8/3/2021 majaji waliamuru fidia ya dolari milioni 30. Kisha, tarehe 12/9/2022, majaji wa rufaa wakairudisha kazi hiyo. Moja ya sababu: wenzao walikuwa wameweka kiasi cha pesa bila kukadiria vizuri ni wahanga wangapi. Mnaona? Mwaka mmoja na nusu ulipita, kwa sehemu juu ya hesabu iliyokosekana. Uamuzi mpya ulitoka tarehe 14/7/2023, dolari milioni 31,3. Katika kesi ya Thomas Lubanga pia, mwaka 2017 majaji walitambua wahanga 425 waliochunguzwa, huku wakisema kunaweza kuwa mamia au hata maelfu wengine. Mamia au maelfu! Kati ya maneno hayo mawili kuna vijiji vizima vya watu waliokuwa kadogo, ambao leo wana miaka thelathini na kitu na wanaendesha moto Bunia pamoja nasi.

Mama wa Kobu anayesubiri tangu 2003 hawezi kuambiwa kwamba namba si kitu.

Na namba inaweza pia kuwa ushahidi dhidi ya ile hadithi ya kwamba mambo haya yameletwa na vita tu. Dhahabu ya Kilo ilionekana na wazungu mwaka 1903. Miaka iliyofuata serikali ya wakati ule na mashefu waliotiwa presha walipeleka vijana wa vijiji kwenye machimbo kwa nguvu. Kaye za wafanyakazi ziliandikwa vizuri sana. Mkoloni alijua kuhesabu: alihesabu mikono, siku, gramu. Mwaka 2005 Human Rights Watch walipotoa ripoti yao juu ya dhahabu ya Mongbwalu, waliandika tena habari ya kazi ya kulazimishwa chini ya wenye silaha. Kilichokuwa kikihesabiwa kwa bidii miaka yote hiyo ni dhahabu. Hata leo nenda kwa mfanyabiashara wa dhahabu Bunia mjini: mizani yake inasoma mpaka sehemu ndogo kabisa ya gramu. Ya watu tunakadiria kutoka barabarani.

Tunarudi kwenye anketi inayokuja. Harakati yetu ilijadili siku mbili, tena kwa makelele. Wengine walitaka tuigomee. Wengine walisema ukigoma, wataleta vijana kutoka Beni au Kisangani, ambao hawajui hata Lopa iko wapi, na kazi itakuwa mbaya zaidi. Tumekubaliana hivi: tutaenda, lakini hatutaenda na midomo imefungwa. Tunaomba ofisi inayoandaa itupatie kestioneri wiki moja mbele, tuijaribu na watu ishirini kwa Kiswahili cha huku na kwa Kilendu, na maneno yasiyosikika yabadilishwe. Malipo yawe kwa siku, na siku iliyofungwa na risasi ilipwe kama siku. Kabila na nukta ya mahali vitoke kwenye tablete. Kama havitoki, tunaacha, na hapa hatutajadiliana. Matokeo yarudi. Si kwa Kinshasa au kwenye hoteli ya Bunia yenye bufe, bali kwenye kambi na kwenye machimbo, mbele ya watu waliojibu, kwa lugha yao, hata kama matokeo ni "hatukuweza kujua." Na ripoti iandike wazi kwamba hatukufika nyuma ya barabara, na iseme kilomita ngapi.

Jambo moja linabaki, nalo ni zito kwetu kuliko mengine. Yule kijana wa tatu, wa siku mbili za wiki. Tulipomaliza maswali alituuliza: "Sasa mutanitosha huku?" Katika mafunzo walikuwa wametupa kikaratasi chenye namba ya simu, ya kuwapa watu wenye shida. Tulimpa. Jioni, tukiwa tumefika kwenye rezo, tukapiga wenyewe ile namba ili tuwe na uhakika. Haikupokelewa. Tukapiga siku tatu. Miezi iliyofuata tulipita tena njia ile na kuuliza. Chimbo lilikuwa limehama, watu wake wametawanyika, hakuna aliyemjua. Kwenye faili yeye ni "ndiyo" moja kati ya "hapana" nyingi, na tunajua namba ya fomu yake.

Kwa hiyo kabla hatujasaini chochote tutauliza ofisi ile: mtu akisema ndiyo, nani anapokea simu, na anafanya nini kesho yake? Watuonyeshe mtu huyo kwa macho, atuambie jina lake na zamu yake. Tukimpata, tunaanza kazi hata kesho.

Jumamosi hii, saa nane ya mchana, tunakutana mahali petu pa kawaida. Mwenye kestioneri ya anketi iliyopita, hata ukurasa mmoja aliopiga picha, auletee wenzake. Wale watatu wa mwembe watakuwepo. Wamekubali kutaja namba za zile fomu kumi na nne, na tutaiandikia ofisi barua tukiiomba izifute. Barua itasomwa kwa sauti kabla ya kutumwa, na kopi itabandikwa hapa.